Neutroni haina chaji, lakini usiidharau: uzi wa chembe za ndani ya atomu

Kiini_cha_Mambo (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kila mada ya atomu ikifunguliwa, protoni na elektroni ndizo zinazopigiwa debe. Neutroni inatajwa mwishoni kwa maneno mawili, "haina chaji", na mjadala unaendelea. Utadhani imewekwa kwenye kiini kujaza nafasi tu. Mimi msimamo wangu ni tofauti: ukitaka kujua kwa nini ulimwengu una kitu chochote zaidi ya hidrojeni, anzia kwa neutroni. Mwenye swali asisubiri nimalize, adakie tu.

Tuanze na uzito. Neutroni moja ina takriban 1.675 × 10⁻²⁷ kg, tarakimu isiyomwambia mtu chochote. Ndiyo maana wanafizikia wanautaja uzito wa chembe kwa nishati iliyomo ndani yake, kwa kipimo cha MeV, yaani elektronivolti milioni moja:

Elektroni: 0.511
Protoni: 938.272
Neutroni: 939.565

Hapo elektroni ni kama haipo; protoni inaizidi mara 1,836. Lakini zitazameni hizo mbili za chini. Neutroni inaizidi protoni kwa 1.293 tu, hata asilimia 0.2 haifiki. Ishikeni hiyo 1.293. Karibu kila nitakachoandika hapa chini kimetokana nayo.

Kuhusu ukubwa, chukua milimita 1.7 uigawanye kwa trilioni moja, hicho ndicho kipenyo chake kwa makadirio. Protoni nayo ni hivyohivyo.

Pakacha

Nimeweka kambi. Ila mkuu, kitu kisicho na chaji hakivutwi na umeme wala hakisukumwi. Walikigunduaje?

Kiini_cha_Mambo

Hapo ndipo utamu ulipo, na ndiyo sababu ilichelewa. Elektroni ilijulikana tangu 1897 kwa kazi ya J. J. Thomson, kiini cha atomu 1911, lakini neutroni ikasubiri hadi 1932.

Mwaka 1930, Bothe na Becker kule Ujerumani walipiga madini ya berili kwa chembe za alfa, yaani viini vya heli. Ukatoka mnururisho wa ajabu: hauna chaji, na unapenya bamba nene la madini ya risasi. Wakadhani ni gamma, yaani mwanga wenye nishati kubwa sana usioonekana kwa macho. Mapema 1932, Irène Curie na mumewe Frédéric Joliot, Paris, wakaweka nta ya parafini mbele ya mnururisho huo. Nta ina hidrojeni tele. Wakaona protoni zinachomoka kwenye nta kwa kasi kubwa sana. Nao wakasema ni gamma.

James Chadwick, Cambridge, alipopata habari hiyo hakukubali. Alipiga hesabu akaona kwamba ili gamma irushe protoni kwa kasi ile, ingehitaji nishati ya MeV 50 hivi, na berili ikipigwa na alfa haina pa kuitoa nishati kama hiyo. Halafu akaenda mbele zaidi. Alilinganisha kasi ya juu kabisa ya viini vya hidrojeni vilivyogongwa na ile ya viini vya nitrojeni vilivyogongwa na mnururisho uleule. Hidrojeni: kilomita 33,000 kwa sekunde. Nitrojeni: kilomita 4,700 kwa sekunde.

Nawawekea hesabu yake, ni ya darasani kabisa. Kama kinachogonga ni chembe yenye uzito m, na hidrojeni tuiite 1, nitrojeni 14, basi sheria za kugongana zinasema uwiano wa kasi hizo mbili ni (m + 14) ÷ (m + 1). Gawanya 33,000 kwa 4,700 upate 7.02. Tafuta m.

BintiHesabu

m + 14 = 7.02m + 7.02. Kwa hiyo 6.02m = 6.98. m = 1.16.

Yaani karibu sawa na protoni! Kwa hesabu hii ya mstari mmoja?

Kiini_cha_Mambo

Hiyohiyo, dada. Vipimo vya wakati ule vilikuwa na kosa la asilimia 10 hivi, kwa hiyo 1.16 ilitosha kabisa kusema: hii si gamma, ni chembe yenye uzito wa protoni isiyo na chaji. Nobel akaipata 1935.

Joliot na Curie walikuwa nayo mkononi wiki chache kabla yake. Binafsi huwa nawaonea huruma, ingawa Nobel ya kemia waliipata mwaka huohuo kwa kazi nyingine.

Sumu_ya_Nyigu

Mnazunguka mbuyu tu. Protoni ni +1, elektroni ni −1. Zibane pamoja upate 0. Hiyo ndiyo neutroni. Na ushahidi ni kwamba neutroni ikivunjika inatoa protoni na elektroni. Kilichotoka si ndicho kilichokuwemo?

Kiini_cha_Mambo

Mkuu, hoja yako ni ya heshima. Rutherford, yule aliyegundua kiini cha atomu, aliiwaza hivyohivyo mwaka 1920, na hata Chadwick alipoanza aliielekea. Tatizo ni kwamba ukiipima haisimami, na inaangukia sehemu mbili.

Ya kwanza ni ile 1.293. Vitu viwili vikishikana kwa kuvutana, hutoa nishati, na kwa hiyo kilichoungana huwa chepesi kuliko jumla ya vilivyoungana. Hiyo haina msamaha. Sasa jumlisha protoni na elektroni: 938.272 + 0.511 = 938.783. Neutroni ni 939.565. Ni nzito kuliko jumla, kwa 0.782. Ingekuwa muungano wa hizo mbili, ingepaswa kuwa chini ya 938.783.

Ya pili ni nitrojeni. Kila chembe kati ya hizi tatu ina spini ya nusu. Spini ni tabia ya kuzaliwa nayo, haiongezwi wala kupunguzwa. Ukiwa na idadi shufwa ya chembe za spini nusu, jumla ni namba kamili. Ukiwa na idadi witiri, jumla inabaki na nusu. Kiini cha nitrojeni-14 kwa nadharia yako kina protoni 14 na elektroni 7 za kupunguza chaji, jumla 21. Witiri. Spini ingekuwa na nusu. Maabara ilipima ikapata 1 kamili. Ukisema protoni 7 na neutroni 7, zinakuwa 14, shufwa, na mambo yanakaa sawa.

Sumu_ya_Nyigu

Haya, hiyo ya spini nimeiona. Elektroni inayotoka inatoka wapi basi?

Kiini_cha_Mambo

Inazaliwa palepale. Haikuwemo. Taa inapowaka mwanga hautoki kwenye akiba iliyokuwa imefichwa ndani ya waya. Unatengenezwa wakati huo. Elektroni ya neutroni ni hivyo.

Undani wake uko kwenye kwaki. Neutroni si chembe ya msingi, ina kwaki tatu: ya juu moja na za chini mbili. Kwaki ya juu ina chaji ya +2/3, ya chini −1/3. Fanya hesabu: 2/3 − 1/3 − 1/3 = 0. Protoni ni juu mbili na chini moja, jumla +1. Neutroni inapooza, kwaki moja ya chini inageuka kuwa ya juu, na katika kugeuka huko inazaliwa elektroni pamoja na antineutrino.

Kwa hiyo "haina chaji" ni jumla tu. Ndani chaji zimejaa, zinafutana. Ushahidi wake ulijitokeza kabla hata kwaki hazijawaziwa: neutroni ni sumaku ndogo. Nguvu yake ya sumaku ilipimwa na Alvarez na Bloch mwaka 1940, na thamani inayokubalika leo ni −1.913 kwa kipimo cha sumaku za nyuklia. Kitu kisicho na chaji hata chembe ndani yake kisingekuwa sumaku. Kwaki zenyewe zilipendekezwa 1964 na Gell-Mann na Zweig, kila mtu kivyake, na kuanzia 1968 kule Stanford wakarusha elektroni kwa nguvu kwenye protoni wakaona zinadunda kwenye vitu vidogo vilivyomo ndani.

BintiHesabu

Naomba kuuliza. Kama neutroni ni kwaki tatu, basi uzito wa 939 tugawe kwa tatu, kila kwaki 313?

Kiini_cha_Mambo

Ingekuwa rahisi hivyo! Kwaki ya juu ina kama MeV 2.2, ya chini kama 4.7. Jumla ya tatu za neutroni haifiki hata 12. Asilimia moja na kidogo ya uzito wote. Kilichobaki ni nishati: mbio za kwaki zenyewe na gluoni zinazozishikilia. Uzito ulionao wewe ukipanda mizani, karibu wote ni nishati hiyo.

Na hapo ndipo utaona 1.293 imetoka wapi. Kwaki ya chini ni nzito kuliko ya juu, na neutroni ina ya chini moja zaidi. Umeme wa ndani ya protoni unavuta upande wa pili, unaiongezea protoni uzito kidogo, lakini kwaki inashinda.

Mshona_Nyavu

Sasa mnanichanganya. Mnasema neutroni inaoza. Mwili wangu una neutroni kibao na sijaona nikioza. Au?

Kiini_cha_Mambo

Ikiwa peke yake, nje ya kiini, inaoza. Kwa wastani inaishi sekunde 880 hivi. Ukiwa na neutroni nyingi zilizo huru, nusu yake zitakuwa zimekwisha baada ya dakika 10. Ikiwa ndani ya kiini tulivu, haiozi kabisa. Chembe ni ileile. Kinachoamua ni hesabu ya nishati.

Chukua kiini chepesi chenye neutroni, deuteroni: protoni moja na neutroni moja. Kuungana kwao kumetoa MeV 2.224, kwa hiyo uzito wake ni 938.272 + 939.565 − 2.224 = 1,875.613. Tuseme neutroni iliyomo inataka kuoza. Ikishageuka utakuwa na protoni mbili, ambazo hazishikani, na elektroni: 938.272 × 2 + 0.511 = 1,877.055. Yaani unataka kutoka 1,875.6 kwenda 1,877.1 bila kuongezewa kitu. Haiwezekani. Neutroni imefungiwa humo milele, kwa sababu ya upungufu wa MeV 1.4.

Si viini vyote vina bahati hiyo. Kaboni-14 ina protoni 6 na neutroni 8. Neutroni yake moja ikigeuka protoni, kinapatikana kiini cha nitrojeni-14 ambacho ni chepesi kidogo, njia iko wazi, na kaboni inaoza polepole, nusu yake kila baada ya miaka 5,730 hivi. Mwilini mwako imo kidogo sana, kwa hiyo kusema kweli kuna neutroni zako chache zinazooza unaposoma hapa. Usihofu.

Ligeuze sasa swali. Ingekuwa protoni ndiyo nzito kwa 1.293? Basi protoni iliyo peke yake ndiyo ingeoza na kuwa neutroni. Kiini cha hidrojeni ya kawaida ni protoni moja tupu. Hidrojeni isingekuwepo, maji yasingekuwepo, na nyota zisingekuwa na cha kuchoma kama zinavyochoma leo.

Pakacha

Hii ya mwisho imenikaa. Umetaja antineutrino ukapita haraka. Kwani kazi yake nini?

Kiini_cha_Mambo

Kubeba nishati iliyokuwa inapotea kwenye mahesabu. Elektroni zinazotoka kwenye kuoza kwa beta, yaani kuoza kunakotoa elektroni kama huku kwa neutroni, hazitoki na nishati moja. Nyingine nyingi, nyingine kidogo, kila kiwango katikati. Kama vinavyotoka ni viwili tu, hilo haliwezekani, kila mmoja angekuwa na fungu lake lilelile kila mara. Desemba 1930 Wolfgang Pauli akasema lazima kuna wa tatu asiyeonekana. Ilichukua hadi 1956 kumnasa. Reines na Cowan waliweka matangi karibu na kinu cha nyuklia cha Savannah River, Marekani, yakiwa na maji yaliyotiwa kadimi. Antineutrino ikigonga protoni, hutoka positroni (pacha wa elektroni mwenye chaji chanya) na neutroni. Positroni inateketea papo hapo na kutoa mwanga wa gamma. Neutroni inatangatanga kidogo, kisha kadimi inaimeza na kutoa gamma nyingine mikrosekunde chache baadaye. Wao waliwinda hiyo jozi: mmweko, kimya kifupi, mmweko. Neutroni ndiyo iliyotoa ushahidi.

Mshona_Nyavu

Kwa usalama je? Nikikutana na neutroni nyuma ya ukuta wa risasi niko salama?

Kiini_cha_Mambo

Hapana. Risasi inafaa kwa gamma. Neutroni haijali elektroni za atomu, inachohisi ni kiini, na kiini cha risasi ni kizito kuliko yenyewe mara 200 na zaidi. Inadunda ikiwa na kasi karibu ileile iliyokuja nayo. Unataka igonge kitu cha uzito wake, yaani protoni, ambayo inaweza kuchukua hata nishati yote kwa mgongano mmoja. Kwa hiyo maji, nta, zege lenye unyevu, plastiki. Ikishapoa, unaweka boroni au kadimi kuimeza, na gamma inayotoka hapo ndipo risasi inapata kazi.

Enrico Fermi na wenzake Roma waliliona hili Oktoba 1934: neutroni zilizopitishwa kwenye nta ziliamsha unururifu kwenye fedha kwa kiwango kikubwa kuliko zile za haraka. Polepole ndiyo hatari zaidi kwa kiini, kwa sababu inakaa karibu nacho muda mrefu. Neutroni iliyopoa kufikia joto la chumba bado inakwenda mita 2,200 kwa sekunde, lakini kwa dunia ya neutroni huko ni kutembea. Vinu vingi vya nyuklia vinategemea jambo hili.

Sumu_ya_Nyigu

Nina la mwisho. Kila chembe ina pacha wake wa kinyume. Elektroni ina positroni, chaji imegeuzwa. Neutroni chaji 0, kinyume cha 0 ni 0. Basi antineutroni ndiyo neutroni yenyewe?

Kiini_cha_Mambo

Swali zuri kuliko yote humu. Jibu ni hapana, na sababu ni zile kwaki. Antineutroni ina antikwaki tatu. Jumla ya chaji ni 0 vilevile, ila sumaku yake imeelekea kinyume, na ikikutana na neutroni zinateketezana. Ilionekana 1956 kwenye mtambo wa Berkeley, mwaka mmoja baada ya antiprotoni.

BintiHesabu

Na zile nyingine? Muoni, tau, kwaki ajabu na wenzake?

Kiini_cha_Mambo

Zinataka uzi wake, dada. Kwa ufupi: kwaki ziko aina sita, lakini vitu vya kila siku vinatumia mbili. Elektroni ina ndugu wawili wazito. Muoni ni kama elektroni iliyoongezewa uzito mara 207. Inaishi mikrosekunde 2.2. Ilionekana 1936 kwenye mionzi ya anga za juu na hakuna aliyeitarajia. Hizi fupifupi zina mvuto wao, lakini hazijengi kitu. Protoni, elektroni na neutroni zinajenga. Na protoni, kwa tunavyojua, haiozi: walioisubiri kwenye tangi la Super-Kamiokande, Japani, hawajaona hata moja, na kwa hesabu zao inaishi zaidi ya miaka 10³⁴ kama inaoza.

Pakacha

Turudi kwenye sekunde 880. Mbona umesema "hivi"? Chembe imejulikana tangu 1932 na hatuna namba kamili?

Kiini_cha_Mambo

Zipo mbili, na ndiyo kero. Njia ya kwanza: unazifungia neutroni kwenye chombo, unasubiri, unahesabu zilizobaki. Inatoa takriban sekunde 878. Njia ya pili: unapitisha mkondo wa neutroni na kuhesabu protoni zinazozaliwa njiani. Inatoa takriban 888. Kila upande una kosa dogo kuliko pengo hilo la sekunde 10. Wapo waliopendekeza kwamba neutroni chache zinaoza kwa njia isiyotoa protoni, kwenda kwenye kitu tusichokiona. Hapo chombo kingehesabu zimepungua na mkondo usihesabu kitu. Majaribio yaliyoitafuta njia hiyo hayajaipata. Mimi naegemea upande wa kosa la kipimo lililojificha, ila huo ni mtazamo wangu.

Si jambo la wapenda tarakimu tu. Dakika chache baada ya mlipuko mkuu kulikuwa na neutroni 1 kwa kila protoni 7, nyingine zilishaoza. Chukua chembe 16: neutroni 2, protoni 14. Neutroni zote mbili zinachukua protoni mbili, wanakuwa kiini kimoja cha heli chenye chembe 4. Nne kati ya 16 ni robo, na robo ya uzito wa mada ya kawaida ulimwenguni ndiyo heli kweli. Badili umri wa neutroni na robo hiyo inasogea.

Sumu_ya_Nyigu

Umesema unazifungia kwenye chombo. Kitu kinachopenya ukuta wa risasi unakifungia kwenye chombo gani?

Kiini_cha_Mambo

Unazipoza mpaka ziwe goigoi. Neutroni iliyopoozwa hadi mita chache kwa sekunde haiwezi tena kupenya. Inadunda kwenye ukuta wa vyuma fulani. Maabara ya Los Alamos, Marekani, hawatumii hata ukuta: wana bakuli la sumaku, linaisukuma ile sumaku yake ndogo ya −1.913, na juu hakuna kifuniko. Kifuniko ni mvutano wa dunia. Neutroni yenye kasi ya mita 4.4 kwa sekunde ukiirusha wima inapanda mita 1, inasimama, inarudi.

BintiHesabu

v² = 2gh. 4.4 × 4.4 = 19.36, gawa kwa 19.6, unapata 0.99. Kweli mita 1. Sawa na jiwe.

Kiini_cha_Mambo

Sawa na jiwe, dada. Na matokeo yao ya 2021 ni sekunde 877.75, kosa ni kama theluthi ya sekunde. Wa mkondo nao wanajenga vifaa vipya.

Pakacha

Uzi wa muoni ukiufungua nistue.